Likizo Moja, Migongo Mitatu

Mniwie radhi mapema, kabla hata sijakohoa. Hadithi hii nitaiharibu. Yule niliyeisikia kwake aliisimulia vizuri hadi watu wakasahau kwamba walikuja kwenye matanga. Mimi nilipoisimulia mara ya mwisho, watu walikumbuka hata matanga ambayo hawakualikwa. Kuna mahali nitacheka kabla yenu, na kuna mahali nitasahau nani alisema nini, nibuni. Mkiona napotea, kohoeni. Mkiona nimefika, pigeni makofi upesi kabla sijaongeza kitu.

Haya. Palikuwapo! Na nyinyi mseme: palikuwapo nini?

Palikuwapo chuo kikuu kiitwacho Kilimabaridi. Msikitafute kwenye ramani, mtachoka bure. Kiko huko nyanda za juu, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kitambulisho, na mwalimu akiuliza "Mnaniona?" wanafunzi hujibu "Ndiyo" kwa imani tu. Ndani ya chuo hicho kulikuwa na Idara ya Mazao, na ndani ya idara hiyo walimu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza, Dokta Atupele Mwaijande, alikuwa na macho. Najua na nyinyi mnayo, lakini yenu ni ya kutazamia. Ya Atupele yalikuwa ya kuonea. Mmwagie debe zima la maharage mezani, ataokota punje moja akwambie: mama yake huyu ni mwekundu, baba yake ana madoadoa, na nyumba yao haikuwa na amani.

Wa pili, Dokta Kastori Kihwelo, alikuwa na sauti. Akifundisha mazao kwenye ukumbi wa kusini, wanafunzi wa sheria kwenye ukumbi wa kaskazini walitoka wanajua kuweka samadi. Mkewe hakuwahi kununua redio. Angeiweka wapi, na nani angeisikia?

Wa tatu, Dokta Ayubu Sanga, alikuwa na subira. Wazazi waliompa jina hilo hawakubahatisha. Alikuwa mtaalamu wa udongo, na udongo haumkimbii mtu. Alisubiri foleni ya benki akitabasamu. Alisubiri hotuba za mahafali ziishe, tena akiwa macho. Walimu wenzake walimwita Mzee Sanga, na walipogombana walikwenda kukaa tu karibu naye, wakapoa kama chai.

Juu ya hao watatu alikuwapo mkuu wa idara, Profesa Subilaga Mwakatobe. Huyu naye alikuwa na kipaji: ulimi. Mtu aliingia ofisini kwake amefura kama andazi, akatoka anashukuru, na mkononi hana kitu. Idara yake haikuwa na fedha, na idara isiyo na fedha huendeshwa kwa maneno mazuri. Huyu mama ndiye tutakayemfuata nyuma, kwa sababu mzigo wa hadithi hii ulikuja kumwangukia yeye utosini.

Sasa niwaeleze jambo moja la huko vyuoni, kwa faida ya sisi tuliosomea nje ya dirisha. Mwalimu wa chuo kikuu akishafundisha miaka sita mfululizo, ule wa saba huruhusiwa kuweka chaki chini, akaenda kutafiti na kuandika. Hiyo huitwa likizo ya utafiti. Majirani huiita likizo ya kulala, maana wanamwona mtu haendi kazini na mshahara unaingia. Pale Kilimabaridi mshahara uliingia kweli, na bima ya afya ilimfuata mtu hadi huko alikokwenda. Lakini posho ya usafiri na posho ya nyumba zilikatwa siku ile ile aliyoaga. Hoja ya utawala ilikuwa kwamba asiyekuja kazini hahitaji nauli. Na nyumba je? Walisema mtafiti hulala kwenye utafiti wake.

Tena kulikuwa na mila ya idara, haikuandikwa popote na haikuvunjwa na yeyote: hatoki mtu mpaka vipindi vyake vipate mgongo. Chuo hakikuajiri wa kushika nafasi ya aliyeondoka. Ilibidi mwenzake mmoja ainame, ambebe: amfundishie madarasa yake, amtungie mitihani, amsahihishie, amsikilizie na vilio vya wanafunzi wake, bila kuongezwa hata senti. Na likizo zenyewe zilikwenda kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kama ndoo kwenye foleni ya bomba.

Basi mwaka huo tatizo la chuo lilikuwa maharage.

Msicheke, au chekeni, lakini sikilizeni. Maharage ya bwalo la wanafunzi yalipewa jina la Kokoto. Yalibandikwa alfajiri, kuni zikaisha, mpishi akaleta nyingine, jua likafika utosini, na bado ukiyarusha ukutani yanakurudia. Mwanafunzi mmoja alivunjika jino akadai chuo kimfidie. Chuo kikamjibu kwamba jino si kifaa cha kujifunzia. Wala haikuwa shida ya bwaloni peke yake. Wakulima wa vilima vyote vya jirani walipanda maharage hayo hayo, na vilima vilikuwa vinabaki na vipara, miti yote ikiishia chini ya vyungu.

Atupele kwa miaka alikuwa anachavusha maua ya maharage Jumamosi kwa Jumamosi, akitafuta punje itakayoiva upesi. Alikuwa amefika karibu. Asubuhi moja akaingia ofisini kwa Profesa Subilaga.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Atu. Kaa."

"Sikai, Mama. Mbegu zangu zinazeeka. Zikikaa kwenye makopo msimu mmoja zaidi hazitaota. Nahitaji mwaka mzima shambani: nipande, nichague, nipike, nitupe, nipande tena. Jumamosi hazinitoshi."

"Zamu ya likizo ni ya Mzee Sanga, na wewe unalijua hilo."

"Mimi nalijua. Mbegu ndizo hazijui."

Subilaga akajifunga kitenge chake vizuri juu ya sketi, maana kule ofisi ni za baridi na heshima huvaliwa kwa tabaka, akaenda kumtafuta Sanga kwenye maabara yake. Akamkuta amezungukwa na mitungi ya jamu. Ndani haikuwa jamu, ilikuwa udongo: mwekundu, mweusi, wa kijivu, kila kilima na mtungi wake. Sanga alikusudia kuutumia mwaka wake wa likizo kuandika kitabu cha udongo wa vilima vile, cha kwanza kabisa. Na zamu hiyo ikimpita, ijayo ingemkuta ameshastaafu, anachunga kuku.

"Mzee wangu," Subilaga akaanza.

"Mama, ukianza na 'mzee wangu' najua umekuja kuchukua kitu."

Akamweleza yote. Sanga akachukua mtungi mmoja, akautikisa, akaurudisha mahali pake.

"Udongo wangu hauozi," akasema. "Mbegu za yule binti zinaoza. Mwache apite."

Jamani, maneno hayo yalimchoma Subilaga moyoni. Na mtu akichomwa moyoni, mkono hukimbilia mfukoni. Mfuko wake ulikuwa mtupu. Basi ukatoka ulimi.

"Mzee Sanga, nakuahidi, tena hapa hapa mbele ya udongo wako: likizo itakayofuata ni yako."

Akatoka hapo akaenda kwa Kihwelo kuomba mgongo.

"KARIBU MKUU!" Kihwelo akamkaribisha, na kasuku wa jirani akaruka.

"Punguza, mdogo wangu, niko hapa hapa."

"NIMEPUNGUZA, MKUU."

"Atupele anakwenda likizo. Nataka umbebe."

"Hee! Lile darasa lake la mwaka wa kwanza? Wale si wanafunzi, Mkuu, ule ni mkutano wa hadhara! Na kipaza sauti cha ukumbi kimekufa siku nyingi, kilichobaki ni kukizika."

"Kastori, wewe na kipaza sauti nani mkubwa?"

Kihwelo akacheka, vijiko vikatetemeka kwenye vikombe. Sifa ni sukari, na yeye alikuwa mlafi wake. "Sawa, nitambeba. Lakini, Mkuu, na mimi ni mtu. Nafaidika nini?"

Fedha ya muda wa ziada haikuwapo. Barua ya pongezi haikuwapo, wala chapati. Ukatoka tena ule ulimi.

"Mbebe, Kastori, na likizo itakayofuata ni yako."

Siku ya kuaga, Atupele mwenyewe akarudi ofisini, sasa amekaa, tena amejikunja. Posho ya nyumba ikikatwa hataweza kodi. Itabidi ahamie kwa mama mkwe pamoja na watoto. Na mama mkwe wake, tumtaje kwa adabu, alikuwa mwanamke wa maoni.

"Mkuu, mwaka mzima kwa mama mkwe? Na mwaka mmoja utanipa mbegu tu. Kuifikisha kwa wakulima ni mwaka mwingine."

"Nenda, mwanangu," Subilaga akamwambia, akimshika bega. "Urudi na mbegu. Ukirudi nayo, likizo itakayofuata ni yako, uifuate mpaka shambani kwa watu."

Msianze kumwita mwongo. Subilaga hakuwa mwongo. Utawala ulikuwa umeshatangaza kwamba baada ya likizo ile ya Atupele hakuna nyingine mpaka itakapotangazwa, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua kwamba "mpaka itakapotangazwa" ni jina la heshima la "kamwe". Kwake yeye, kumwahidi mtu likizo itakayofuata kulikuwa kama kumwahidi mvua ya kiangazi. Isiponyesha, hakuna anayekulaumu wewe. Hakudhani kabisa kwamba itanyesha.

Mwaka ukaanza.

Atupele akaingia shambani na macho yake. Alipanda, akachagua, akapika. Katika kila mia alitupa mia kasoro moja, na ile moja akaitazama kama mama anayemtazama bwana harusi wa bintiye. Jioni alirudi kwa mama mkwe amejaa matope, akiulizwa mbele ya watoto, "Hivi wewe wanakulipa kwa kulima? Mbona mimi nimelima tangu utoto sijaitwa dokta?" Akameza, kesho akarudi shambani. Wadudu wakaja, ukungu ukaja, mvua ya mawe ikaja na kubisha hodi kwa kila jani. Mwishowe ukabaki mstari mmoja wa mimea, na kwenye mstari huo akaona kitu ambacho wewe na mimi tungekipalilia pamoja na magugu. Bila macho yale, mbegu isingepatikana.

Kihwelo akaingia ukumbini na sauti yake. Asubuhi darasa lake, mchana la Atupele, jioni wale wasioelewa asubuhi, na usiku akasahihisha karatasi mpaka alama za vema zikawa zinamjia ndotoni. Ukumbi ulikuwa mkubwa na mabati yake ya kelele. Mvua ikinyesha yeye hupandisha, mvua ikizidi naye huzidi. Hakuacha hata kipindi kimoja. Kama angeacha, wanafunzi wangelalamika, utawala ungemwita Atupele arudi darasani katikati ya msimu, na ule mstari ungeliwa na mbuzi. Kuelekea mwisho wa mwaka sauti ikaanza kukwaruza, kisha ikapasuka, kisha ikawa mnong'ono. Wanafunzi walidhani anawapa siri za mtihani, wakanyamaza kuliko walivyowahi kunyamaza. Daktari akamwambia: nyamaza mwaka mzima, au nyamaza maisha. Bila sauti ile, mbegu isingekaa shambani.

Na Sanga? Sanga hakufanya kitu. Hapo ndipo wengi hujikwaa, wakasema huyu alifanya nini? Alikaa! Lakini nyinyi mmewahi kukaa hivyo? Alikaa na mitungi yake akitazama mwaka wake ukitumiwa na mtu mwingine. Mara kwa mara alipita shambani kwa Atupele, akaonja udongo kwa ncha ya ulimi, akasema "Ongeza majivu hapa," akaondoka. Kila wiki rafiki zake walimwambia, "Ayubu, dai zamu yako, ungali na haki." Na ilikuwa kweli: sheria ilimruhusu kuidai wakati wowote kabla mwaka haujafika nusu. Hakuidai. Bila subira ile, hata hiyo safari isingeanza.

Siku ya kuonja ikafika. Kamati nzima ya Baraza la Chuo ikaketi bwaloni, na mwenyekiti wake amevaa kofia ya manyoya kama anakwenda vitani na baridi. Mpishi akabandika maharage mapya. Akageuka kumenya kitunguu. Kabla kitunguu hakijamtoa machozi, harufu ikamtoa. Akafunua.

"Yameiva," akasema.

"Haiwezekani," akajibu mwenyekiti. "Hata sijamaliza kufungua kikao."

Yakapakuliwa. Laini, mazito, na mchuzi wa kushika ugali mkono. Wanafunzi waliokuwa wakichungulia madirishani wakaingia kwa madirisha hayo hayo. Mwenyekiti akaomba sahani ya pili, halafu ya tatu akasema ni ya mkewe, halafu akaila. Kisha akasimama, akajifuta, akatangaza mbele ya watu:

"Kwa maharage haya, Baraza linatoa likizo moja ya heshima. Mwaka mzima. Mshahara kamili, posho ya nyumba palepale, posho ya usafiri palepale, bima ya familia nzima, na nauli ya mwenza juu! Apewe aliyetuletea mbegu hii. Profesa Subilaga, tuletee jina moja. Ijumaa, kabla ya kikao kufungwa. Usipoleta, inakwenda Idara ya Mifugo. Nao wana mbuzi wao tumeambiwa anafanya vizuri."

Bwalo zima likashangilia. Mtu mmoja tu alibaki na kijiko hewani. Mvua ya kiangazi ilikuwa imenyesha, tena juu ya kichwa cha Subilaga.

Ijumaa asubuhi alikuwa ofisini mapema, anajipanga maneno. Hodi ikapigwa. Akaingia Mzee Sanga, amevaa suti ya harusi yake na amebeba chupa ya asali.

"Mama, nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini, mzee wangu?"

"Ile ahadi. Nimeshapanga mitungi."

Kabla hajajibu, mlango ukafunguka. Kihwelo, na dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi, shingo amezungusha skafu. Akanong'ona, "Mkuu, nimekuja kushukuru."

"Ongea kwa sauti, Kastori."

"Ndiyo hii."

Nyuma yake akaingia Atupele na chungu cha maharage ya moto, amekifunika kwa khanga, uso umejaa furaha. "Mkuu, nimekuja kushu..." Akamwona Sanga. Akaliona dumu. Akaiona asali. Na yule alikuwa mtu wa macho. "Mbona sote tuna zawadi?"

Sanga akaweka asali mezani, akavuta kiti.

"Hebu tuelewane," Sanga akasema polepole. "Wewe uliahidiwa nini?"

"Likizo itakayofuata."

"Na wewe, Kihwelo?"

Kihwelo akanyoosha kidole kumwelekea Atupele, yaani: hiyo hiyo.

Watatu wakamgeukia Subilaga. Mama wa watu alitamani awe punje, tena moja ya zile zinazotupwa.

"Niliahidi," akasema. Hakujificha. "Nyote watatu. Na kila nilipoahidi nilimaanisha."

"Basi lisemwe la haki," Atupele akasema, akiweka chungu mezani. "Mwenyekiti amesema apewe aliyeleta mbegu. Nani aliileta? Nani alikatwa posho ya nyumba, akalala na watoto sebuleni kwa mama mkwe? Na kazi haijaisha. Mbegu hii isipofuatwa mwaka huu shamba kwa shamba, itachanganyika na Kokoto, na msimu mmoja tu tumerudi kule kule kwenye meno. Siombi kupumzika. Naomba kumaliza."

Kihwelo akapiga meza ili wamsogelee, wakasogeza masikio. "Dada," akanong'ona, "ulikaa shambani kwa sababu mimi nilisimama ukumbini. Wewe utakula mbegu yako. Mimi nitakula nini, mwalimu bubu? Likizo ya ugonjwa hapa, baada ya miezi michache wanakata mshahara nusu, kisha wanakukata wewe mwenyewe. Nikirudi darasani sasa, hii sauti unayoisikia ndiyo ya mwisho. Mchumia juani hulia kivulini. Mimi kivuli changu kiko wapi?"

"Pole, kaka," Atupele akasema, na alimaanisha.

Sanga akakohoa. Wote wakamgeukia, maana Sanga hakuwa na kawaida ya kukohoa. "Watoto wangu, mimi nimekaa kimya. Nikakaa tena. Mwakani nastaafu. Nitaikabidhi nyumba ya chuo, na hii mitungi, ataingia mtu wa usafi aione takataka, na hatakosea, maana anayeweza kusoma kila mtungi ni mimi tu. Nyie mna zamu nyingine mbele. Mimi mbele yangu kuna kuku."

"Lakini, baba," Atupele akasema kwa adabu, "zamu yako ulinipa kwa moyo. Kilichotolewa kwa moyo hakidaiwi."

"Sikudai wewe, mwanangu. Namdai aliyeniahidi."

Macho yote tena kwa Subilaga.

"Tuigawe," Subilaga akajaribu. "Kila mmoja miezi minne."

"Koo halijui miezi minne," akanong'ona Kihwelo.

"Miezi minne sijavuna," akasema Atupele.

"Miezi minne," akasema Sanga, "mimi bado nachonga penseli. Tena sheria hairuhusu. Ni mwaka mzima, jina moja."

"Basi tupige kura."

Kihwelo akainuka na ule mnong'ono wake, na naapa haukuwahi kusikika vizuri hivyo: "Mkuu, siku uliyonitaka nibebe, ulipiga kura?"

Subilaga akakaa. Kwa mara ya kwanza ulimi wake haukuwa na kazi, basi kichwa kikapata nafasi. Akawaza: nikimpa Atupele, nani atakubali tena kumwinamia mwenzake mgongo, akijua sifa na likizo zote humwendea aliyebebwa? Mila itakufa, na baada yake hatoki mtu. Nikimpa Kihwelo, nani atampisha mwenzake zamu, akijua ajuaye kupisha husahaulika? Nikimpa Mzee Sanga, nani atahangaika na mbegu, mawe ya mvua na mama mkwe, akijua zawadi ya kuhangaika humwendea aliyesubiri? Na yeyote nitakayempa, wawili watatoka mlango huu wakijua neno langu halinunui hata chumvi. Mimi idara hii sina kingine cha kuiendeshea ila hilo neno.

Akatamani mmoja wao awe mchoyo kidogo, au mvivu kidogo, ili amnyime kwa raha. Akawatazama. Hakukuwa na wa kunyimwa. Maharage yalikuwa yanafuka katikati ya meza, na hakuna aliyeyagusa.

Simu ikalia.

"Profesa, Baraza hapa. Kikao kinafungwa. Jina?"

"Ngoja kidogo."

"Mama, hatuna kidogo. Na yule mkuu wa Mifugo ameketi hapa na picha ya mbuzi wake ndani ya fremu. Jina?"

Subilaga akashika simu kwa mikono miwili. Akamtazama mwenye macho. Akamtazama mwenye sauti. Akamtazama mwenye subira. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Na hapo alipofungua wake, mimi naufunga wangu. Simu sasa iko mkononi mwako, na Baraza linakusikiliza. Utampa aliyeiona mbegu, na bado hajamaliza? Utampa aliyembeba mpaka, badala ya mgongo, koo likavunjika? Au utampa aliyempisha njia, na njia yake yeye inaishia mwakani? Usiniletee habari za kugawa, na usimwonee huruma yule mbuzi. Jina moja tu. Je, wewe ungemtaja nani?

Jibuni, lakini taratibu, tena msimlaumu yule mama. Kama ugomvi ukizuka hapa leo, nilaumuni mimi. Kabla hatujaanza, nilipita nikawavuta pembeni watu watatu kati yenu, kila mmoja peke yake, nikamwahidi kwamba jibu lake ndilo nitakalosema ni sahihi.